GHALA LILILOHAMA: Tarakilishi za Linux na Tatizo la Matoleo

Kama bado unalo jarida letu la mwaka jana, na kama mama hakufungia maandazi kwa karatasi zake, hebu lifungue ukurasa wa kwanza. Pale kwenye salamu za shule, mstari wa tatu, utaona maneno "Mwalimu Mkku". Ukurasa wa saba kuna "Kisawhili". Ukurasa wa kumi na moja shairi la watu limeharibika kina kwa sababu "maisha" imegeuka "miasha". Aliyepiga chapa kurasa hizo zote ni mimi ninayeandika makala haya.

Mwalimu Mkuu alilisoma neno lile mbele ya gwaride kama lilivyoandikwa, "Mkku", kama mtu aliyepaliwa na ugali. Shule nzima ilicheka. Mimi sikucheka.

Basi mwaka huu mlezi wa chama alikuja na sharti. Hakuna ukurasa utakaopelekwa kwa mpiga chapa kule Kisii mjini kabla haujapita kwenye kikagua tahajia, yaani ile programu inayopiga mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa. Mwalimu Mkuu naye akasema hatatia sahihi malipo ya uchapishaji mpaka mlezi amwambie kwa kinywa chake kwamba kazi ni safi. Tulikuwa na majuma matatu. Bila kikagua tahajia hakuna jarida, na bila jarida wale wa kidato cha nne wangeondoka shuleni bila kuona majina yao yamechapishwa popote.

Huenda unajiuliza kwa nini hatukuwa tukitumia kikagua tahajia tangu mwanzo. Tarakilishi zetu tano zilikuwa nacho, ila kilijua Kiingereza peke yake. Ukiandika Kiswahili humo, ukurasa wote unavuja damu kuanzia juu hadi chini, kila neno ni kosa. Kwa hiyo tulikizima. Dawa yake ni kuongeza kamusi ya Kiswahili, ambayo huja kama kifurushi kiitwacho hunspell-sw. Mwalimu wa tarakilishi alisema ni kazi ya amri moja:

sudo apt install hunspell-sw

Ilituchukua siku kumi na mbili. Nitaeleza tulichojifunza, kwa maana najua shule nyingi za kutwa zina tarakilishi kama zetu, na shida yetu leo inaweza kuwa yenu kesho.

Kwanza tufahamiane na maneno. Mfumo unaoendesha tarakilishi zetu ni wa jamii ya Linux. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Ufini, Linus Torvalds. Watu wakakijenga juu kwa namna mbalimbali. Kuna Debian ya mwaka 1993, na juu ya Debian ikajengwa Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Sisi tunatumia Ubuntu. Jina hilo ni la Kizulu na Kixhosa na maana yake ni utu. Kwa Ekegusii mtu ni omonto, kwa hiyo nyanya yangu aliposikia nikilitaja hilo jina alidhani ni jambo la kwetu. Haikuwa mbali.

Katika Ubuntu huendi kuokota programu popote unapoiona. Programu zimepangwa katika ghala, yaani seva kubwa yenye maelfu ya vifurushi. (Ndugu zetu Watanzania huita bando la simu kifurushi. Hapa sisemi bando, nasema programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake.) Tarakilishi yenye toleo kama letu ina karatasi yake ya maagizo, faili liitwalo /etc/apt/sources.list, na humo mmeandikwa anwani za maghala. Halafu kuna tarishi anayetumwa huko. Jina lake ni apt. Neno sudo mbele yake ni kama kubisha hodi na kuonyesha barua ya ruhusa, kwa sababu si kila mtu anaruhusiwa kubadilisha vitu ndani ya mashine.

Tarishi ana kazi mbili ambazo wengi wetu tulikuwa tunazichanganya. Ukimwambia "update" haleti programu yoyote. Anakwenda ghalani kunakili orodha ya vilivyomo, basi. Ukimwambia "install" ndipo anaangalia orodha aliyonakili, anachukua kifurushi, na kama kifurushi kinategemea vingine analeta na hivyo. Fundi hawezi kupiga mabati kabla mbao hazijafika. Orodha ikiwa mbovu, au ya zamani, tarishi atatafuta kitu mahali ambapo hakipo na atarudi mikono mitupu.

Kuna pia jambo la matoleo, na hapa ndipo mzizi wa fitina. Toleo la Ubuntu hupewa nambari ya mwaka na mwezi. 19.10 lilitoka Oktoba 2019. 22.04 lilitoka Aprili 2022. Kila toleo lina pia jina la utani: 19.10 ni eoan, 20.04 ni focal, 22.04 ni jammy. Na kila toleo lina upande wake ghalani. Kifurushi cha jammy kimeshonwa kwa vipimo vya jammy. Wenzangu wa fasihi mtanielewa: dada yangu alisoma Chozi la Heri, mimi nasoma Nguu za Jadi. Zote ni riwaya, zote ni za Kiswahili, lakini ukija na madaftari ya dada yako kwenye mtihani wako utaandika majibu mazuri ya maswali ambayo hayakuulizwa.

Tena matoleo hayaishi miaka sawa. Yale ya Aprili ya miaka inayogawika kwa mbili, yaani 18.04, 20.04, 22.04, 24.04, hutunzwa miaka mitano. Yaliyobaki hutunzwa miezi tisa tu, kisha huachwa.

Sasa turudi kwenye chumba chetu, ambacho zamani kilikuwa stoo ya majembe. Mlezi aliunganisha tarakilishi nambari moja na simu yake. Nikaandika ile amri. Mashine ikajibu kwamba haioni kifurushi chenye jina hilo. Nikamtuma tarishi akanakili orodha kwanza:

sudo apt update

Yakaja maandishi mengi, na katika karibu kila mstari nambari 404. Ikamalizia kwa kusema kwamba ghala la eoan halina tena faili la kulitambulisha. Tukajaribu tarakilishi ya pili, mambo yale yale. Ya nne vivyo hivyo. Katibu wa chama akasema mtandao wa Marani ni mbaya, kwa sababu kulikuwa na mvua, na hapa kwetu mvua ya alasiri ikianza kila kitu kinasingiziwa mvua.

Lakini 404 si mtandao mbaya. Mtandao ukiwa mbaya tarishi hafiki kabisa, na mashine husema imeshindwa kuunganisha au kwamba jina la seva halikupatikana. 404 maana yake amefika, amebisha, akajibiwa kwamba kitu anachotaka hakipo hapo. Mtoto wa mkulima wa chai ataelewa upesi. Umechuma majani tangu alfajiri, umebeba kikapu hadi kituo cha kununulia. Njia ipo, banda lipo, lakini karani na mizani hawapo, kituo kimehamishiwa upande ule mwingine wa mto. Kukimbia kwa kasi zaidi hakutasaidia. Kununua bando kubwa zaidi pia hakutasaidia, na tulinunua.

Mbona ghala lilihama? Nilikuja kujua baadaye, na nilipopiga hesabu nilishangaa. Tarakilishi zetu zilifika mwanzo wa mwaka 2020, na fundi aliyezileta aliweka 19.10 kwa kuwa lilikuwa toleo jipya kuliko yote siku ile. Tarehe 15 Machi 2020 ikatangazwa kwamba shule zote zifungwe kwa ajili ya korona. Utunzaji wa 19.10 ulikoma tarehe 17 Julai 2020. Wanafunzi wote waliporudi madarasani tarehe 4 Januari 2021, toleo lile lilikuwa limekufa karibu nusu mwaka. Lilikufa watu wakiwa nyumbani wakichuma majani chai, na hakuna aliyeleta habari za kifo, kwa maana tarakilishi ziliendelea kuwaka vizuri. Mtu angeweza kuandika barua, kucheza karata, kufanya kila kitu, ila kuongeza programu mpya. Fundi simlaumu sana. Ila angeweka 18.04, ambalo lilikuwa la zamani kidogo wakati ule, tungefika nalo hadi mwaka 2023. Kwa shule, kipya zaidi si lazima kiwe bora zaidi.

Hayo yote sikuyajua siku ile. Nilijua tu kwamba mahali fulani kuna ghala linalofanya kazi, na kwamba tarakilishi ya rafiki yangu inasoma jammy. Mlezi alipokwenda darasani na kuniachia simu, nilifungua sources.list ya tarakilishi nambari tatu, nikafuta neno eoan kila mahali nikaandika jammy. Nikamtuma tarishi. Hakulalamika hata kidogo! Alinakili orodha yote. Niliruka kwa furaha. Halafu, kwa kiburi cha kutaka kuonekana mtaalamu, sikuomba kamusi peke yake. Niliandika:

sudo apt upgrade

Hiyo ni amri ya kuleta vipya kila kitu kinachoweza kuletwa. Tarishi akaanza kubeba mabegi na mabegi ya jammy akiyaingiza katika nyumba ya eoan. Bando la shilingi mia moja, pesa za michango ya wanachama kumi, likawa linayeyuka. Vifurushi vilipoanza kufunguliwa, stima ikapotea.

Iliporudi, nambari tatu haikuwaka sawasawa. Ilionyesha nembo, kisha skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Na ndani yake mlikuwa na insha za kidato cha kwanza, kurasa ishirini na kitu, ambazo wasichana wawili walikuwa wamezipiga chapa kwa majuma mawili wakibaki shuleni baada ya saa kumi huku wanatembea mbali kurudi nyumbani. Hakukuwa na nakala. Nilikwenda nyumbani siku ile bila kusema na mtu.

Usiku nilimpigia binamu yangu anayesomea mambo haya chuoni. Nilipomaliza kueleza alinyamaza, kisha akasema, "Ndugu yangu, umelisha ng'ombe kwa chakula cha kuku, sasa unauliza mbona hatoi mayai." Halafu akaniuliza maswali mawili tu. Mashine ilisema ina toleo gani? Na mstari wa kwanza wa kosa ulisema nini, sio wa mwisho? Yote mawili sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimesoma mstari wa mwisho peke yake kila mara, kwa kuwa ndio unaobaki machoni.

Alinieleza hivi. Stima ikikatika katikati ya usakinishaji, mara nyingi mashine haijafa, imekatizwa tu sentensi. Unaiambia imalize ilichokuwa inasema:

sudo dpkg --configure -a

Kisha unamwambia tarishi alete mbao zilizopungua:

sudo apt --fix-broken install

Kama kosa lingekuwa la stima pekee, hayo mawili yangetosha. Lakini letu lilikuwa na ugonjwa wa pili chini ya ule wa kwanza. Vifurushi vya msingi kabisa, vile ambavyo karibu kila programu inavisimamia, vilikuwa vimeanza kuwa vya jammy huku programu zenyewe zikiwa bado za eoan. Kila kimoja kilikuwa kinadai mwenzake awe wa kimo fulani, na hakuna aliyekuwa na kimo hicho. Tulijaribu amri zote mbili, kwa kuwa mashine ilikubali kuingia kwenye ule ukurasa mweusi. Ikajibu kwamba matakwa ya vifurushi hayawezi kutimizwa. Kurudisha vifurushi nyuma kwenye toleo la chini inawezekana kimojakimoja, lakini vinapokuwa mia na zaidi ni kama kumrudisha mtu mzima kwenye mbeleko.

Binamu alikuja Jumamosi na flashi mbili. Ya kwanza ilikuwa na Ubuntu nzima ya 22.04. Ubuntu ina hekima moja: unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuitumia bila kuisakinisha, diski ya ndani isiguswe. Aliwasha nambari tatu namna hiyo, akafungua diski ya ndani kama mtu anayefungua sanduku, na faili zote za insha zilikuwa mle mle. Alizinakili kwenye flashi ya pili. Ndipo akafuta nambari tatu na kuipa 22.04, toleo la kutunzwa hadi 2027. Wale wasichana wawili hawakujua mpaka leo wanaposoma hapa. Mnisamehe.

Zilibaki nne zenye 19.10. Binamu alisema tusizifute zote siku moja, kwa kuwa mbili zina kumbukumbu ndogo na pengine zitahitaji Ubuntu nyepesi kama Lubuntu, na jarida haliwezi kungoja. Ndipo akatuonyesha kituo kilikohamia. Matoleo yaliyokufa hayatupwi. Hupelekwa kwenye ghala la kuhifadhi, na anwani yake ni old-releases.ubuntu.com. Hatua ya kwanza ni kujua kwa hakika mashine ina toleo gani:

lsb_release -a

Ya pili ni kutunza nakala ya karatasi ya maagizo kabla ya kuigusa, jambo ambalo mimi sikulifanya:

sudo cp /etc/apt/sources.list /etc/apt/sources.list.zamani

Ya tatu ni kuifungua:

sudo nano /etc/apt/sources.list

Humo, kila palipoandikwa ke.archive.ubuntu.com (hizo herufi ke ni za Kenya) na kila palipoandikwa security.ubuntu.com, tukaweka old-releases.ubuntu.com. Neno eoan hatukuligusa. Angalia tofauti, msomaji: mimi nilibadilisha toleo nikaacha anwani, kumbe ilipasa kubadilisha anwani na kuacha toleo. Basi tukamtuma tarishi upya kwenye nambari moja, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na 404 hata moja.

Kabla ya kusakinisha, binamu alituzoesha kuuliza kwanza:

apt policy hunspell-sw

Amri hiyo haileti kitu. Inaonyesha kama kifurushi kimo ndani ya mashine, ni toleo gani litakaloletwa, na kutoka ghala gani. Kama ningeiandika siku ile kwenye nambari tatu ningeona neno jammy likinitazama, na labda ningejiuliza. Mimi naiona hii kuwa amri yenye faida kuliko zote nilizozitaja, na haigharimu hata senti.

Kamusi yenyewe ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Kinachokula bando ni ile orodha ya "update", ambayo huvuta makumi ya megabaiti kila mara, na hatukutaka kuivuta mara nne. Kwa hiyo tulifanya ujanja. Kwenye nambari moja tuliandika apt-get badala ya apt. Wote wawili ni tarishi wa nyumba moja, lakini apt akimaliza kusakinisha hutupa kifurushi alichokileta, na apt-get hukiacha katika /var/cache/apt/archives. Tulikinakili kwenye flashi, tukakipeleka nambari mbili na nne, tukasimama ndani ya folda ya flashi na kuandika:

sudo apt-get install ./hunspell-sw*.deb

Ile nukta na mkwaju mbele ya jina ndiyo inayomwambia tarishi "usiende ghalani, kitu kiko hapa miguuni." Ujanja huu unafaa tu mashine zikiwa na toleo moja. Mweka hazina alifurahi kuliko sote.

Nambari tano ilileta kisa kipya. Flashi ilikuwa imekwenda na mtu nyumbani, kwa hiyo tuliiunganisha na mtandao na kuibadilishia anwani kama ile ya kwanza. Ikakataa, lakini safari hii si kwa 404. Ilidai kwamba faili la ghala bado halijaanza kutumika, eti litaanza baada ya miezi kadhaa! Tukatazamana. Mlezi ndiye aliyeona. Pembeni mwa skrini tarehe ilisomeka Machi 2020. Betri ndogo ya ndani, ile ya duara kama shilingi, ilikuwa imekufa, na kwa kuwa mashine haikuwahi kuunganishwa na mtandao tangu wakati ule, kila ilipowashwa ilianza kuhesabu tena kutoka siku ya mwisho iliyoikumbuka. Mashine ile iliamini kwamba shule ndiyo kwanza imefungwa. Ghala lilikuwa na faili la Julai 2020, na kwa nambari tano hiyo ilikuwa barua iliyotoka kesho.

Kwa kawaida mashine ikikaa kwenye mtandao hujisahihisha saa yenyewe baada ya muda. Sisi tulikuwa na bando la saa moja, hatukungoja. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, nami nikaandika kwa amri ya sudo date -s tarehe ya siku ile ikifuatwa na 04:15. Mlezi akaniuliza kama niliamka kwa wachawi. Tarakilishi huhesabu tangu saa sita ya usiku, kwa hiyo saa nne yetu ya asubuhi ni 10:15 kwake. Kwa ghala la zamani zile saa sita hazikudhuru, lakini kwa ghala hai linaloandikwa upya kila siku, saa sita za nyuma zaweza kabisa kukunyima huduma. Betri mpya tuliipata dukani Kisii mjini, na ndiyo dawa ya kweli.

Nambari tatu nayo, ile iliyofufuka, ilitushtua kidogo siku ya kwanza. Tulipotaka kuiwekea kamusi ilisema programu nyingine imeshika kufuli. Katibu alikuwa amesoma mahali kwamba unafuta faili la kufuli na kuendelea. Usifute. Ubuntu mpya ikipata mtandao huanza yenyewe kuchukua marekebisho ya usalama, na wakati huo hufunga mlango ili watu wawili wasibebe gunia moja kwa pande mbili. Tulingoja kama dakika kumi na tano, kufuli likafunguka lenyewe.

Lazima niseme pia kwamba lile ghala la kuhifadhi ni daraja, si makao. Vifurushi vyake haviguswi tena, na tundu la usalama likigunduliwa leo katika 19.10 hakuna atakayeliziba. Tarakilishi ya kupiga chapa mashairi inaweza kuvumilia hilo kwa muhula mmoja. Ile ya ofisini yenye karo za watu, hapana.

Na kamusi je? Ukurasa uliacha kuvuja damu. Nilipofungua tena faili la mwaka jana, "Mkku" ilisimama peke yake na mstari wake mwekundu, nikaona aibu upya. Lakini msidhani kikagua tahajia ni mwalimu wa Kiswahili. Vitenzi vyetu virefu kama "hatukumwelewesha" kilivipigia mstari, kwa maana Kiswahili hujenga neno moja kwa vipande vingi na hakuna kamusi inayoweza kuorodhesha yote. Na ukikosea ukaandika "kuku" badala ya "kuu", kitanyamaza kimya, kwa kuwa kuku ni neno halali. Kwa hiyo kila ukurasa mnaousoma umepita kwa mashine, halafu kwa macho ya watu wawili. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kazi ya kukifundisha tarakilishi Kiswahili zamani, katika mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice kwenye miaka ya 2004 na 2005, kabla sisi hatujazaliwa. Faili la kamusi tuliyosakinisha bado lina herufi TZ katika jina lake.

Unaruhusiwa kuiongezea maneno yako. Neno la kwanza tuliloongeza ni Marani, kwa sababu ilikuwa inalipigia mstari kila mara. La pili ni Ekegusii. La tatu mweka hazina alitaka liwe jina lake, tukapiga kura, akashinda.

Kurasa zilifika kwa mpiga chapa siku moja kabla ya ile ya mwisho. Nambari tano bado ina 19.10 hadi likizo ya Desemba, binamu akirudi. Imebandikwa karatasi juu ya skrini isemayo USIANDIKE UPGRADE, na mwandiko ule ni wangu.